Sukari ya Leo na Sukari ya Miezi Mitatu: Historia Fupi ya Viashiria vya Damu na Majina Yake

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya vipimo vichache vya damu ambavyo matabibu huvitumia ili kujua kama ugonjwa wa kisukari au shinikizo la juu la damu umeanza kudhuru macho, figo, moyo na mishipa ya mgonjwa. Kisha tutatazama majina ya vipimo hivyo yalikotoka, na namna Kiswahili kinavyoweza kuyapokea bila ya kumpotosha anayeyasikia.

Tumeichagua mada hii kwa sababu maradhi haya mawili si ya watu wachache tena. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kwamba wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban watu 9 katika kila mia wana sukari iliyozidi, na takriban 26 katika kila mia wana shinikizo la juu la damu. Makundi hayo hayakuwa sawa, wala njia za kupima hazikuwa zile zile, kwa hiyo hatuwezi kutoa hesabu moja katika nyingine kama mfanyabiashara atoavyo. Hata hivyo, mwelekeo wake hauhitaji mfasiri.

Basi tuchukue mfano wa mama mmoja aliyekwenda kliniki asubuhi bila ya kula. Anapimwa kidoleni, kisha anaambiwa, “Mama, sukari yako ya leo ni nzuri, lakini ile ya miezi mitatu imepanda.” Naye anajibu, “Itakuwaje, mwanangu? Sukari si ni moja?” Swali la mama huyu ni la haki, na ni swali la istilahi. Asipopewa jibu linaloeleweka, ataondoka na lile neno la kwanza, yaani kwamba sukari yake ni nzuri, na dawa ataziweka kabatini.

2. Majina ya maradhi yenyewe

Ugonjwa wa kisukari ni wa kale. Aretaeus wa Kapadokia, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, aliueleza kuwa ni ugonjwa wa kuyeyuka kwa mwili na kutokwa na mkojo usiokoma. Jina lake la Kiyunani lina maana ya kitu kinachopitisha maji, kama mrija. Waganga wa Bara Hindi waliuita kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali, kwani waliona sisimizi wakiukusanyikia. Ibn Sina naye aliutaja katika kitabu chake cha tiba. Huko Uingereza, Thomas Willis aliandika katika miaka ya 1670 kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu.

Kwa muda wote huo ugonjwa ulitazamwa kwenye mkojo. Aliyeuhamishia kwenye damu ni Matthew Dobson wa Liverpool. Mwaka 1776 alitangaza kwamba aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hadi ukakauka, ukabaki unga ulio na ladha ya sukari. Na tena kwamba hata majimaji ya damu ya mgonjwa huyo yalikuwa na utamu. Kwa maneno mengine, sukari haikutengenezwa na figo, bali ilikuwa imekwisha kuwamo katika damu. Tunaweza kusema kwamba hiki ndicho kiashiria cha kwanza cha damu katika historia ya ugonjwa huu, ijapokuwa kilipimwa kwa ulimi.

Mwaka 1889 Josef von Mering na Oskar Minkowski, huko Strasbourg, walimwondolea mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Kutokana na njia hiyo, mwaka 1921 na 1922 huko Toronto, Frederick Banting, Charles Best, J. J. R. Macleod na James Collip waliipata insulini na kuisafisha hata ikafaa kudungwa mtu. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari alikuwa hana muda mrefu wa kuishi. Baada ya hapo aliishi, akakua, akazeeka. Na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba sukari iliyozidi kidogo kwa miaka mingi huleta upofu, huua figo na ganzi ya miguu, na huharibu mishipa ya moyo. Insulini ilikuwa imekiondoa kifo cha haraka, nayo madhara ya polepole yakaonekana. Hapo ikawa lazima kupatikane kipimo cha kuyatabiri.

Shinikizo la damu lina historia inayofanana na hiyo. Stephen Hales, kasisi wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1733 habari za kuingiza mrija katika mshipa wa farasi na kuona damu ikipanda. Scipione Riva-Rocci wa Italia alitoa mwaka 1896 mfuko wa kufunga mkononi wenye zebaki, na mwaka 1905 Nikolai Korotkoff wa Urusi akaonyesha namna ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mfuko huo. Richard Bright wa London, tangu 1827, alikuwa amekwisha kuonyesha uhusiano wa mkojo wenye protini na figo zilizoharibika. Baadaye katika karne hiyo hiyo Frederick Akbar Mahomed, aliyefanya kazi katika hospitali ile ile ya Bright na ambaye babu yake alitoka Bara Hindi, alionyesha kwamba shinikizo linaweza kupanda kwa mtu ambaye figo zake hazijaugua. Hivyo likawa ugonjwa unaojitegemea.

Sasa tutazame Kiswahili kilivyofanya. Katika neno “kisukari” lugha ilitumia kiambishi chake cha kale cha kutajia maradhi, kama katika kifafa, kichocho, kifaduro na kipindupindu. Ni neno zuri, maana linatenga maradhi na kitu chenyewe: sukari ni chakula, na kisukari ni ugonjwa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema “ana sukari”, na mwenzake huitikia “mimi nina presha”. Hapa kitu kinachopimwa kimegeuka kuwa jina la ugonjwa. Kila mtu aliye hai ana sukari katika damu yake na ana shinikizo katika mishipa yake. Asiyekuwa navyo ni maiti. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa akiambiwa “presha imeshuka” hudhani ugonjwa umeondoka, kwa sababu jina la kipimo na jina la ugonjwa ni moja.

Kuna waliopendekeza kwamba tuunde neno kwa mfano wa kisukari na kusema “kishinikizo”. Sisi hatuliafiki. Kiambishi hicho kikiungana na shina la kitenzi, msikilizaji hufikiri juu ya chombo, kama kifuniko au kizibo, na atadhani kishinikizo ni kifaa cha kukandamizia. Afadhali tuseme “shinikizo la juu la damu” kwa ukamilifu wake, na “shinikizo la damu” libaki kuwa jina la kile kinachopimwa kwa kila mtu, mzima na mgonjwa.

3. Himoglobini iliyoshikwa na sukari

Kipimo cha sukari cha kidoleni hueleza hali ya saa ile. Mgonjwa aliyejizuia kula vizuri kwa siku mbili tu kabla ya kwenda kliniki anaweza kuonekana mzima. Matabibu walihitaji shahidi aliyekuwapo siku zote, naye alipatikana ndani ya chembe nyekundu za damu.

Mwaka 1955 Henry Kunkel na Gunnar Wallenius walionyesha kwamba damu ya watu wazima ina aina ndogo za himoglobini pamoja na ile kubwa ya kawaida. Mwaka 1958 watafiti waliotumia kromatografia walizitenganisha aina hizo na kuzipa herufi na namba kwa kadiri zilivyotangulia kutoka, na mojawapo ikaitwa A1c. Jina hilo halikusema lolote juu ya sukari, kwa sababu walioitoa hawakuwa wakiutafuta ugonjwa wa kisukari. Ni namba ya foleni tu.

Aliyeziunganisha habari hizi mbili ni Samuel Rahbar, aliyekuwa akifanya kazi Tehran, Iran. Alipokuwa akichunguza himoglobini za watu wengi aliona kwamba wagonjwa wa kisukari wana aina fulani kwa wingi kuliko watu wengine. Alichapisha habari hiyo mwaka 1968, na mwaka uliofuata, pamoja na Olga Blumenfeld na Helen Ranney wa New York, alithibitisha kwamba ni ile ile A1c. Mwaka 1976 Ronald Koenig, Anthony Cerami na wenzao walionyesha kwamba sukari ya mgonjwa ikidhibitiwa, A1c nayo hushuka polepole.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Glukosi iliyomo katika damu hujishikiza kwenye himoglobini yenyewe kwa yenyewe, bila ya msaada wa kimeng'enya, na ikikwisha kutulia haibanduki. Chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120. Kwa hiyo ukipima ni himoglobini kiasi gani katika kila mia imeshikwa na sukari, unapata wastani wa majuma mengi yaliyopita, na majuma ya karibuni yakiwa na uzito zaidi kuliko ya mwanzo.

Je, shahidi huyu alisema kweli juu ya madhara? Jibu lilitolewa na tafiti mbili kubwa. Ya kwanza ilifanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, na matokeo yake yalitangazwa 1993. Kundi lililotunzwa kwa makini likafikisha A1c ya takriban asilimia 7, na kundi la matunzo ya kawaida takriban 9. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa hayajaguswa mwanzoni, hatari ya kuharibika retina ilipungua kwa asilimia 76 katika kundi la kwanza. Ya pili ilifanywa Uingereza kwa wagonjwa wa aina ya pili, ikatoa matokeo 1998. Mbali na habari za sukari, ilionyesha kwamba wagonjwa wenye maradhi yote mawili walioshushiwa shinikizo hadi wastani wa 144/82, badala ya 154/87, walipata kiharusi kwa upungufu wa asilimia 44. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliikubali A1c ya asilimia 6.5 kuwa kipimo cha kuutambulia ugonjwa wenyewe.

Lakini shahidi anaweza kudanganya bila ya kukusudia. A1c hutegemea umri wa chembe nyekundu. Mahali ambapo chembe hizo hufa mapema, sukari haipati muda wa kujishikiza, na namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kuipandisha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba watu weusi waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambao wenyewe si wagonjwa, walikuwa na A1c ya chini kuliko wenzao ingawa kiwango cha sukari yao kilikuwa sawa. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, ambako selimundu na malaria vimo tangu zamani, jambo hili si la pembeni. Tabibu anayesoma namba bila ya kumjua mwenye damu anaweza kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima.

4. Kreatinini na figo

Kiashiria cha pili ni kreatinini. Chembeo cha jina hili ni neno la Kiyunani lenye maana ya nyama, kwa kuwa Michel Chevreul wa Ufaransa aliipata kreatini katika nyama mwaka 1832, na Justus von Liebig wa Ujerumani akaipa kreatinini jina lake mwaka 1847. Mwaka 1886 Max Jaffe aligundua kwamba ikichanganywa na asidi ya pikriki hutoa rangi nyekundu ya machungwa, na tangu 1904 Otto Folin aliifanya rangi hiyo kuwa njia ya kupimia.

Kreatinini ni taka itokayo katika misuli. Figo huichuja na kuitoa katika mkojo. Figo zikishindwa, hubaki katika damu. Hapa pana mtego wa lugha unaostahili kuangaliwa. Kreatinini ikipanda ni habari mbaya, lakini kiwango cha uchujaji wa figo, ambacho hukokotolewa kutokana na kreatinini hiyo hiyo, kikipanda ni habari njema. Mgonjwa anayeambiwa siku moja kwamba “figo imepanda” na siku nyingine kwamba “figo imeshuka” hawezi kujua afurahi au asikitike. Twashauri kwamba kisitajwe kamwe kiungo pasipo kutaja kile kinachopimwa.

Kuna fundisho jingine katika ukokotoaji huo. Mlinganyo uliotolewa Marekani mwaka 2009 uliongeza takriban asilimia 16 katika jibu la mtu mweusi, kana kwamba ngozi yake inachuja damu. Figo zilizochoka zikaonekana nzima kuliko zilivyo. Mwaka 2021 nyongeza hiyo iliondolewa. Tunaitaja habari hii ili ieleweke kwamba neno moja lililowekwa mahali pasipo pake katika fomu, hata likiwa ni jina la kabila au rangi, laweza kumchelewesha mtu kupata tiba.

Aidha kreatinini huchelewa. Yaweza kubaki katika kiwango cha kawaida hata kazi ya figo imepungua karibu nusu. Ndiyo sababu kipimo cha protini kidogo sana katika mkojo, ambacho Harry Keen na mwenzake walikifungulia njia mwaka 1963, hakikuachwa, ingawa si cha damu. Ni kile kile alichokiona Bright kwa kupasha mkojo moto katika kijiko, ila sasa kinaonekana miaka mingi kabla ya maji kuganda.

5. Jina lililokosea kiungo

Kiashiria cha tatu kinafaa sana kwa wanaounda istilahi. Mwaka 1988 watafiti wa Japani waliipata peptidi moja katika ubongo wa nguruwe, yenye nguvu ya kuufanya mwili utoe chumvi katika mkojo. Wakaiita kwa jina la ubongo. Muda si mrefu ikabainika kwamba katika mwanadamu hutengenezwa hasa na vyumba vya chini vya moyo, pale vinapolemewa na kutanuka, kama inavyotokea kwa mtu ambaye moyo wake umeanza kushindwa baada ya miaka mingi ya shinikizo la juu. Leo ni kipimo cha moyo chenye jina la ubongo, na wataalamu wameponea kwenye herufi ya kwanza tu ili kuficha kosa.

Lau tungeitafsiri peptidi hii neno kwa neno, tungempeleka mgonjwa wa moyo kwa tabibu wa kichwa. Kosa la wenzetu tunaweza kulikwepa kwa sababu tumekuja nyuma yao. Kuchelewa kuunda istilahi kuna hasara nyingi, lakini kuna faida hii moja: tunaijua habari ambayo aliyetoa jina la kwanza hakuijua.

6. Rai zetu

Kwanza, tutenganishe maneno manne yanayochanganywa. “Dalili” ni kile mgonjwa anachokihisi au kinachoonekana kwake, kama kiu au ganzi. “Kiashiria” ni kile kinachopimwa, ambacho mgonjwa hawezi kukihisi. “Kihatarishi” ni jambo linaloongeza uwezekano wa kuugua, kama tumbaku au unene. “Madhara” ni uharibifu wenyewe uliokwisha kutokea, nayo yagawanywe kuwa madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho, figo na neva, na madhara ya mishipa mikubwa, yaani ya moyo, ubongo na miguu. Neno “alama” tunaliacha, maana lina kazi nyingi mno shuleni na barabarani.

Pili, kwa A1c tunapendekeza majina mawili yenye daraja mbili. Katika vitabu na maabara iwe “himoglobini-sukari”, jina linaloeleza kilichotokea badala ya namba ya foleni. Katika kliniki ibaki “wastani wa sukari wa miezi mitatu”. Tunasisitiza neno “wastani”. Watu wakisema “sukari ya miezi mitatu” tu, wapo watakaodhani ni sukari iliyolimbikizwa, ikihesabiwa kama deni dukani.

Tatu, kreatinini iitwe hivyo hivyo, ila ifuatane na maelezo mafupi: taka ya misuli inayopaswa kutolewa na figo. Na ile peptidi ya moyo ipewe jina la moyo.

Nne, yule aliyempa mama jibu lile la asubuhi afundishwe kulimaliza. Atamwambia, “Mama, hiki cha kidoleni kimetuonyesha sukari ya asubuhi hii, nawe hujala. Hiki kingine ni wastani wa siku zote tangu ulipokuja mara iliyopita, nacho kimezidi. Macho na figo zako vimekuwa vikiishi na huu wa pili.” Ni sentensi tatu, na hamna hata neno moja ndani yake ambalo mama huyo hakulijua kabla ya kuingia chumbani isipokuwa “wastani”, nalo wajukuu wake wanalisoma shuleni, watamweleza.

Tunawaomba matabibu, wauguzi na walimu wanaosoma makala haya watuambie maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wenyewe. Istilahi tulizozitoa hapa ni mapendekezo, nazo zitafaa pale tu mgonjwa akizisikia atakapojua la kufanya akifika nyumbani.